Fundi Aliyekataza Kuchagua

Watu wa Mahajanga wakimtaja Fundi hupunguza sauti, kama wanaopita mlango wa msikiti imamu akiwa juu ya mimbari. Mimi sipunguzi. Hasira niliyonayo juu yake nimehama nayo mji kwa mji, na kila kazi niliyoacha niliondoka nayo. Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, wapo wanaojua, waulizwe wao. Mimi nitasema alivyokuwa.

Kwetu mwalimu yeyote, awe wa chuo cha Kurani au wa shule ya serikali, huitwa Fundi. Huyu alifundisha hesabu katika sekondari ya juu ya Mahajanga, na kati ya walimu wote wa pale alikuwa peke yake aliyetoka kwa watu wetu, Waislamu wenye asili ya Ngazija. Kwa hiyo hakuhitaji jina. Ukiuliza mtaa wa Tsaramandroso, "Fundi anakaa wapi?", mtoto yeyote alikunyooshea kidole upande wa Mangarivotra. Barazani alisema nasi Kingazija, barabarani Kimalagasi cha pwani, na akikasirika, Kifaransa. Kiswahili hiki ninachoandikia nilikiokota baadaye, Tanga na Mombasa, nikibeba magunia.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na kofia ya kushona kichwani na tai shingoni, vyote viwili, hata siku za joto la kuua mbu. Vipande vya chaki alivitia mfuko wa shati, na upande wa kushoto wa kifua chake ulikuwa mweupe daima. Alichonga penseli za wanafunzi kwa wembe, polepole, ncha ndefu kama mwiba, na hilo nadhani lilikuwa jambo pekee aliloweza kukufanyia bila kuombwa mara mbili.

Maana Fundi alikuwa na msemo wake: "Ombi la kwanza ni salamu." Ukimwomba kitu mara moja, alikataa, kisha akazungumza habari za mvua. Nilimwona mjane jirani yake akija kumwomba amfundishe mwanawe sehemu na desimali. Fundi akasema hana nafasi, akauliza habari za paa la mjane, kama bado linavuja. Mama wa watu akaeleza habari za paa mpaka zikaisha, akakaa, akarekebisha leso yake, akaomba tena. "Aje kesho baada ya alasiri," Fundi akasema, kama vile hakuwa amekataa kamwe. Hata chakula ndivyo. Ukimkaribisha mara moja alisema ameshiba, na wanawake wa mtaa wote walijua kwamba sahani haiondolewi mpaka aseme hivyo mara ya pili. Mimi pia nilijua. Hilo nataka likumbukwe.

Hakupanda pusi-pusi. Mwanadamu, alisema, havutwi na mwanadamu mwenzake kama gari la ng'ombe. Alitembea kwa miguu kutoka Mangarivotra mpaka shuleni na mwavuli mkononi, na wavuta pusi-pusi walimheshimu kwa hilo, ingawa mmoja wao aliniambia heshima hainunui mchele. Lakini nyuma ya Fundi siku zote alitembea mwanafunzi, mara nyingi msichana, amebeba madaftari arobaini ya darasa zima, kidevu kimeegemea juu yake yasianguke. Fundi hakugeuka nyuma kumtazama. Nadhani hakuwahi kuliona kama ni jambo moja na lile la pusi-pusi.

Msemo wake wa pili ndio ulioharibu nyumba yetu. Alisema: "Anayechagua anaogopa."

Nieleze mambo yalivyokuwa. Mwaka wa kwanza wa sekondari ya juu ukikaribia kwisha, kila mwanafunzi alipewa fomu. Alitakiwa kuandika mchepuo: A kwa lugha na falsafa, C kwa hesabu na fizikia, D kwa biolojia. Chini yake palikuwa na masomo ya hiari, ambayo mtu angeweza kuchukua moja, mawili, matatu, au kuacha yote. Fomu hiyo ilitiwa saini na mzazi. Kwa watu wa mji ilikuwa karatasi. Kwa watu wetu iligeuka kuwa kitu kingine, kwa sababu wazazi wengi hawakusoma Kifaransa na waliona salama kumpelekea Fundi.

Basi kabla ya likizo ndefu, baraza yake ilijaa. Mzazi alikuja na mtoto, fomu ndani ya bahasha, na sahani ya halua imefunikwa kitambaa. Fundi alitia alama kwenye C. Kwa kila mtoto aliyekuwa na akili, C. Kisha akashuka kwenye masomo ya hiari na kutia alama yote matatu. Sababu yake ilikuwa kwamba katika mtihani wa mwisho, bakaloria, somo la hiari huongeza tu: alama zinazozidi kumi zinajumlishwa, zilizo chini ya kumi hazipunguzi chochote. "Hakuna hasara," alisema. Mtu aliyefundisha hesabu miaka yote ile hakujua kwamba saa za mtoto nazo huhesabiwa. Halafu, fomu ikiwa mapajani, aliinua viganja, na sisi sote tukainua, ikasomwa Fatiha.

Hapo ndipo karatasi ilipofungwa. Nani atafuta alama iliyosomewa Fatiha? Shule iliruhusu mtoto kuacha somo au kuhama mchepuo kabla muhula wa kwanza haujaisha. Watoto wa wengine walihama, wakapumua. Wa kwetu hakuhama hata mmoja. Mama zao waliona kubadilisha kungekuwa kama kuvunja posa.

Nitakuwa mwadilifu, ingawa sitaki. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini. Wenzetu wengi walikuwa wamekwisha kusafirishwa kurudishwa Ngazija baada ya ile mikasa ya Mahajanga, watu wetu walipouawa, na waliobaki walitembea wakigusa kuta. Fundi alibaki. Aliamini kwamba fomu ya mtoto wetu ikiwa na pengo, kuna mtu mahali fulani atalitia kidole pengo lile na kusema, hawa si wa kusoma, hawa ni wa kubeba mizigo. Aliwahi kuambiwa hivyo yeye mwenyewe akiwa kijana, na mwalimu Mfaransa, mbele ya darasa. Alinisimulia bila kuniangalia. Kwa hiyo aliziba kila pengo. Naielewa sababu yake. Kuielewa hakujanipunguzia kitu, maana mapengo aliyaziba kwa watoto wa watu.

Dada yangu Zaina alikuwa mmoja wao. Sisi ni wa Hell-Ville, Nosy Be, na wakati ule aliyetaka masomo ya sayansi alivuka kwenda bara. Mama alitutuma sote wawili Mahajanga kwa mama mdogo, Tsaramandroso. Mimi niliacha shule mwaka wa pili tu. Sikuwa mjinga. Sikuweza kukaa: nilitaka kujua injini ya lori inavyoshika moto, Wahindi wanavyopima dhahabu, kwa nini maji ya Mahajanga hukupwa mbali kuliko ya kwetu, na darasani hapakuwa na hata kimoja cha hivyo. Zaina alikaa. Alikuwa na utulivu wa watu wawili, wake na wangu.

Yeye alikuwa amekwisha kupanga masomo yake kwa penseli nyuma ya daftari la kuchorea. Nimeliona. Aliandika D. Mbele ya kila somo alichora jiwe, kubwa au dogo. Fizikia jiwe kubwa. Falsafa la kati. Biolojia hakuichorea jiwe, alichora jani. Nikamuuliza mbona biolojia haina uzito. Akasema, "Ninachokipenda hakinilemei, kaka." Chini, katika masomo ya hiari, aliandika uchoraji, basi. Alitaka kusoma mambo ya mimea. Alikulia karibu na mashamba ya ilang-ilang, na ua lile alilichora limekatwa katikati, kila sehemu na jina lake, vizuri kiasi kwamba msimamizi wa kiwanda cha mafuta kule Nosy Be alilibandika ukutani. Na kila alfajiri, kabla ya shule, alimsaidia mama mdogo kukaanga vitumbua vya kuuza. Hilo nalo alilichorea jiwe. Alikuwa amepima kila kitu.

Siku ya baraza nilikuwepo. Zaina alimpa Fundi fomu, na pamoja nayo ukurasa ule wa mawe. Fundi aliutazama kwa muda mrefu, hata nikapata tumaini.

"Nani kakufundisha hivi?"

"Hakuna, Fundi. Nimejipangia."

"Umepanga vizuri," akasema. "Umepanga kama mtu anayeogopa kuchoka."

"Nachoka kweli, Fundi."

Wazee waliokaa wakacheka, kwa upole, kama wanavyomcheka mtoto aliyesema kweli. Fundi akacheka nao. Akatia alama kwenye C, kisha Kiarabu, Kijerumani na uchoraji. Masomo kumi na moja. Mama mdogo akafunua halua. Zaina aliinua viganja kama sisi sote, na mimi niliyekuwa karibu yake niliona midomo yake haikucheza.

Mwaka ulivyokwenda sitausimulia wote. Vitabu vilikuwa vimebadilishwa kuwa vya Kimalagasi cha nyanda za juu, na maneno ya fizikia yalikuwa mapya hata kwa walimu. Fundi alisoma kutoka daftari zake za zamani za Kifaransa na kutafsiri ubaoni akiwa amewapa mgongo. Zaina alikonda. Alianza kusinzia mbele ya karai, mafuta yakamrukia mkononi. Daftari la kuchorea lilihamia chini ya godoro, na mchoro wa mwisho ndani yake ni duara la fizikia, sijui la nini, na mstari umelikata.

Kabla muhula haujaisha alileta karatasi ya kuhama. D badala ya C, na kuacha Kijerumani na Kiarabu. Mama mdogo aliishika kwa ncha za vidole.

"Imesomewa Fatiha, mwanangu. Mimi nitaivunja kwa mkono gani? Akitia saini Fundi, na mimi nitatia."

Zaina hakuweza kwenda mwenyewe. Angemwendea vipi mwalimu wake kumwambia amekosea? Akanituma mimi, kaka yake mkubwa, nisiye na darasa wala haya. Akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfuko wa shati langu, akafunga kifungo kwa mkono wake.

Nilimkuta Fundi peke yake baada ya alasiri, anasahihisha. Nikamwambia nilichotumwa. Akasema, "Mwambie avumilie," akanimiminia chai. Hilo nililitarajia. Ndiyo ilikuwa salamu. Nilitakiwa kunywa, kusikiliza habari za mvua, kisha kuomba tena.

Lakini mezani palikuwa na kitu. Rula nene ya mti na pembe, yenye ulimi katikati unaoteleza, na tarakimu zilizojazana upande mmoja na kuachana upande mwingine. Nikauliza ni nini. Akanitazama kama mvuvi anavyotazama kamba ikitikisika. Akasema, "Mbili mara tatu ni ngapi?" Akavuta ulimi, akanionyesha: unaongeza urefu juu ya urefu, na jawabu linatoka la kuzidisha. Nikasema haiwezekani. Akanipa nijaribu. Nikajaribu saba mara nane, kumi na tatu mara kumi na tisa. Nikauliza kwa nini. Hakuna mwalimu aliyewahi kunijibu kwa nini. Fundi alinijibu mpaka adhana ya magharibi, kwa subira, akichora kwenye sakafu kwa chaki ya mfukoni, na nilielewa, wallahi nilielewa, nikatamani kulia kwa kuelewa. Akaniambia nichukue rula ile kwa wiki moja.

Nilifika Tsaramandroso naizungushazungusha mkononi. Zaina alikuwa amesimama mlangoni. Hakuuliza. Alifungua kifungo cha mfuko wangu, akaitoa karatasi, akaikunjua, akaona mahali pa saini peupe.

"Kasema uvumilie," nikamwambia.

Kesho yake muda wa kuhama ulipita.

Alianguka bakaloria kwa hesabu na fizikia. Uchoraji alipata alama za juu sana, zikajumlishwa, hazikutosha. Akarudia mwaka, akaanguka tena, pale pale. Siku ya majibu ya pili nilikwenda pwani mjini, pale watu wanapopunga upepo jioni na kula mishikaki, nitafute mtu wa kupigana naye. Nikamkuta binti wa Fundi na rafiki zake, amefaulu, anacheka. Nikamuuliza mchepuo gani. Akasema A. Masomo ya hiari? "Hakuna," akasema, akilamba pilipili kidoleni. "Baba hakunilazimisha. Alisema nipumzike."

Nilimngoja Fundi nje ya msikiti. Nilimuuliza mbele ya watu kwa nini wake alipumzishwa. Hakukasirika, na hilo liliniudhi zaidi. Akasema, "Yule ana jina langu. Hao wengine wana karatasi tu." Akafungua mwavuli wake, jua lilikuwa kali, akaenda zake. Nyuma yake msichana na madaftari.

Wiki ile niliondoka Mahajanga. Zaina alirudi Nosy Be, na mpaka leo yuko kwenye kiwanda kile cha ilang-ilang, anapokea vikapu vya wachumaji na kuvipima kwenye mizani. Ni mtu mcheshi, ana watoto, hanung'uniki. Mchoro wake ulikuwa bado ukutani mara ya mwisho nilipopita, umekuwa rangi ya chai. Nilimwuliza kama anachora siku hizi. Akasema, "Kaka, wewe una maswali mengi," akaita kikapu kingine.

Rula sikuirudisha. Imefika nami Tanga, imefika Mombasa, imerudi. Sijui niliiba au nilisahau.

Nilikutana na Fundi mara moja tu baada ya hapo, miaka mingi mbele, Ankify, pale panapopandiwa boti za kwenda Nosy Be. Nilikuwa nashusha saruji kwenye malori. Mzee mwenye tai na kofia alikuwa amekaa juu ya begi kivulini mwa kibanda cha tikiti, na ubavuni mwake msichana wa miaka kumi na sita hivi, na nyweleze zimesukwa upya. Nilitambua chaki kwanza. Alikuwa amestaafu, lakini kifua chake bado kilikuwa na weupe.

"Mbola tsara, Fundi," nikamsalimu kwa salamu ya kwetu.

Akaniangalia, macho yamefunikwa ukungu. Akasema, "Rula yangu iko wapi?"

Nikacheka. Sikutaka, lakini nilicheka. Nikakaa chini na vumbi langu la saruji. Akaniambia anampeleka mjukuu wake kwa mjomba wake Hell-Ville, aandikishwe sekondari ya juu, siku hizi sayansi ipo hata kule. Kisha akauliza habari za Zaina, na nikamwambia zote, vikapu na mizani, bila kupunguza sauti. Watu wa tikiti waligeuka. Nikamwambia siku ile nilikuja na karatasi mfukoni na yeye akanihonga kwa rula.

Boti moja ilijaa, ikaondoka.

"Kalamu ilikuwa mkononi mwangu," akasema. "Nilikuwa nasahihisha. Nilingoja mpaka magharibi uombe mara ya pili. Ningetia saini." Akapangusa macho kwa ncha ya tai. "Uliomba mara moja."

Nilitaka kumpiga. Mzee wa vile, nilitaka kumpiga kwa mkono huu. Ni mwanadamu gani anayeweka miaka ya msichana juu ya adabu ya kuombwa mara mbili? Na wakati huo huo nilikuwa nayasikia mapigo ya ile rula, ulimi ukiteleza, saba mara nane, na karatasi mfukoni mwangu imefungwa kifungo na mkono usio wangu. Sikumpiga.

Msichana ndiye aliyesema. Alikuwa ametoa fomu kwenye bahasha, ameiweka juu ya begi, akaniambia nami nisome kama najua Kifaransa. D, na somo moja la hiari, muziki. Alama nyingine tatu, ya C na za masomo mawili ya hiari, zilitiwa kwa wino mwingine, wa kutetemeka, na zote alikuwa amezikata mstari.

"Hizi alitia Bakoko," akasema, yaani babu yake. "Nimezifuta. Nimemwambia kwenye gari, hasikii."

"Nasikia," Fundi akasema. "Anaogopa tu."

"Siogopi, Bakoko. Nimehesabu."

Watu wa boti yao walianza kuitwa. Fundi akaivuta fomu mapajani, akatafuta kalamu mfukoni kati ya chaki, hakuipata, na kwa sababu hakuipata akafanya kile alichoweza. Akainua viganja. Wawili waliokuwa wamekaa karibu, wasiojua hata ni ya nini, wakainua vyao, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Msichana akanitazama mimi. Viganja vyake vilikuwa juu ya magoti, vinaanza kupanda.

"Mwache, Fundi," nikasema.

Hakushusha. Midomo ilikuwa imeanza bismillahi. Akaniambia, bila kunitazama, kwamba mvua mwaka huu itachelewa.

Nikaishika mikono yake miwili, mikavu, ina chaki, nikaomba mara ya pili.